Mama Chujio, Aliyelipima Ziwa Mara Mbili

Waombolezaji mliofika leo, Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, mnaombwa uvumilivu, maana wasifu huu ni mrefu kuliko mlivyozoea. Umeandikwa na mdogo wa kike wa marehemu, ambaye ndiye anayeusoma. Marehemu alimwagiza asiruke aya hata moja, hasa ile ya ukurasa wa mwisho, ambayo wapo waliokuja nyumbani juzi kuomba iondolewe. Mdogo mtu amemtii dada yake kwa miaka hamsini na minane, na haoni sababu ya kuanza ukaidi siku ya kumzika.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Agosti 1962, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa karani wa posta na mama yake alishona sare za shule. Alipotimiza miaka saba alikabidhiwa kazi ya kuchekecha unga, kazi ambayo watoto wengine huifanya huku wakitazama nje. Yeye alihesabu wadudu na kutoa ripoti. "Mama, leo ni kumi na wanne. Jana walikuwa tisa." Mama yake alimjibu, "Mwanangu, huo unga tutaula au tutauandikia barua?" Baba aliyekuwa ananyoa ndevu uani alicheka mpaka akajikata, na kuanzia siku hiyo akamwita binti yake Chujio. Jina lilimganda. Alipozaa likawa Mama Chujio, na wengi wenu hapa hamjui jingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1981, na mwaka 1983 akaingia chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe. Alihitimu mwaka 1986 akiwa wa tatu darasani. Mdogo wake aliwahi kuwaambia wageni sebuleni kwamba dada alikuwa wa kwanza. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wa tatu. Wa kwanza alikuwa yule kijana mwenye kigugumizi, na wa pili mwenzake wa chumba kimoja." Wageni walikuwa washenga waliokuja kumtazama mdogo mtu, hawakuwa na habari na mambo ya darasa la mtu yeyote. Lakini ndivyo alivyokuwa. Sifa isiyokuwa yake ilimwasha mwilini.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa ziwa, jengo la ghorofa moja lenye paa la kijani, hatua mia mbili kutoka gatini. Kwa miaka ishirini alihesabu mwani na mayai ya samaki. Mwaka 2008, katika kutafuta mayai, akaanza kuona kwenye hadubini vitu visivyokuwa na uhai: vipande vya mifuko vidogo kuliko punje ya mtama, vigae vya chupa, vinyuzi vyembamba. Aliwaambia wenzake kwamba ziwa limejaa plastiki isiyoonekana kwa macho. Wakamwambia akapimwe macho. Alikwenda kweli kupimwa, akarudi na cheti cha daktari akakibandika ukutani juu ya meza yake, kisha akaendelea kuhesabu.

Kazi yenyewe inafaa kuelezwa, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa kilichomtokea. Mashua ilikokota wavu mwembamba juu ya maji kwa dakika ishirini, ukiwa umefungwa kwa kamba ndefu. Kilichonaswa kilisuuzwa, kikatiwa kwenye chupa ya kioo, kikapelekwa maabara kuhesabiwa kipande kwa kipande. Kwenye ramani ya ziwa palikuwa na alama kumi na tisa, na kila alama ilikokotwa mara moja kwa mwezi. Adui wa kwanza wa kazi hii ni mpimaji mwenyewe, maana sweta la mtu mmoja linaweza kuangusha nyuzi nyingi kuliko zilizomo ziwani. Kwa hiyo marehemu alipiga marufuku nguo za nailoni maabara. Kando ya hadubini aliweka sahani tupu yenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa, na kila jioni aliikagua aone hewa ya chumba imeangusha nini. Kwa miaka yote sahani hiyo ilibaki safi. Siku kaka wa mumewe alipokuja kumsalimu kazini, amevaa sweta jipya linalong'aa, alisimamishwa mlangoni. "Shemeji, karibu sana. Sweta libaki nje." Shemeji huyo alitembezwa maabara akiwa na koti la mfagiaji lililomwishia kiunoni, na mpaka leo hajasamehe.

Aliolewa Jumamosi tarehe 14 Julai 1990 na fundi wa kiwanda cha kamba kilichokuwa ufukweni. Walijuana kwa ugomvi. Marehemu alinunua kamba ya mita arobaini, akairudisha kwa kuwa ilipungua sentimita kumi. Akapewa nyingine, akairudisha nayo. Mara ya tatu fundi aliisokota mwenyewe mbele yake, kamba ya plastiki ya buluu, akamwambia, "Ipime." Akaipima. Ilikuwa mita arobaini na moja. "Umezidisha," akasema. Fundi akajibu, "Hiyo moja ni ya salamu." Tangu hapo kila kamba ya wavu wa kituo ilipochakaa, fundi alisokota nyingine ya uzi uleule, akaileta nyumbani, naye mkewe akaenda nayo kazini begani. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1995. Fundi alipanda cheo hadi kuwa fundi mkuu wa kiwanda, akiongoza watu arobaini na watatu.

Mwezi Juni 2012 marehemu alikamilisha ripoti ya miaka minne. Katika kila vipande mia vya plastiki vilivyopatikana ziwani, sitini na kimoja vilikuwa nyuzi za buluu. Alizilinganisha na uzi wa kiwanda cha kamba kwa rangi, kwa unene na kwa namna zinavyojikunja zikiguswa na sindano ya moto. Zililingana kwa kila kitu. Kabla ya kuipeleka ripoti popote aliiweka mezani nyumbani. Mume wake aliisoma kurasa zote themanini na nne, siku mbili, miwani puani. Alipomaliza aliirudisha kwenye bahasha akasema, "Kama ndivyo, ndivyo." Mamlaka ya ziwa ilikifunga kiwanda Alhamisi tarehe 28 Machi 2013, na watu arobaini na watatu wakatoka getini siku moja, wamebeba vikombe vyao vya chai na aproni zao.

Wiki iliyofuata walikuja nyumbani. Walijaa sebuleni mpaka wengine wakasimama kwenye ngazi. Aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa fundi wa rangi, rafiki wa mume wa marehemu tangu ujana, aliyemsimamia siku ya harusi. Alisema kwa upole, "Fundi Mkuu, mwombe shemeji arudie hesabu. Binadamu anakosea." Mume wa marehemu alijibu, "Mke wangu anakosea mambo mengi. Kuhesabu hakosei." Marehemu alikuwa jikoni na alisikia. Alimwambia mdogo wake baadaye kwamba hajawahi kujivunia mume wake kama dakika ile, na kwamba dakika hiyohiyo ndiyo anayotamani ingefutika. Fundi wa rangi aliweka kikombe chini, akaaga, na hakuvuka tena kizingiti hicho. Akipita aliwasalimu kutoka barabarani. Alifariki tarehe 6 Septemba 2018. Mume wa marehemu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na alipokwenda kumpa mjane pole, mjane aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Jumatano tarehe 19 Mei 2021 marehemu aliwapeleka wanafunzi wa mafunzo kwenye ziwa dogo lililo kileleni, ndani ya shimo la volkano iliyolala. Huko hakuna mvuvi, hakuna nyumba, hata barabara hakuna. Alitaka waone maji safi yanavyoonekana kwenye lenzi. Walipandisha mtumbwi wa kupuliza, wakakokota wavu dakika ishirini, wakahesabu. Nyuzi za buluu ishirini na tisa.

Wanafunzi walisema ni upepo umezileta. "Upepo gani unaochagua rangi?" akauliza. Wakakokota tena. Thelathini na moja.

Hapo alitoa leso yake nyeupe ya pamba, akaifunga kiganjani, akaipitisha mara moja kwenye kamba ya buluu iliyolowa, ya mwisho kutoka kiwandani. Akaitazama leso kwa lenzi, kisha akaketi juu ya jiwe na kuwaomba wanafunzi wamwache kidogo. Walidhani ni kuchoka kwa mlima. Yeye alikuwa anaona miaka yote ikirudi nyuma. Kamba ilisuguana na ukingo wa mashua, ikapukutisha nyuzi mbele ya mdomo wa wavu, na wavu ukaziokota. Ililala stoo ya mashua, haikuwahi kukanyaga maabara, kwa hiyo ile sahani safi ya kila jioni haikuwa na habari. Nyuzi zililingana na uzi wa kiwanda kwa sababu zilitoka kiwandani kweli, ila zilipitia mashua yake. Alikuwa amekagua sweta za watu, mapazia, sabuni, mpaka nywele za bandia za mpokea wageni. Kamba hakuikagua, kwa kuwa ilitoka nyumbani.

Siku hiyohiyo alimweleza mumewe. Alimkuta barazani akisuka kiti, kazi aliyokuwa akiishi nayo tangu kiwanda kifungwe.

"Mzee, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Zile nyuzi za ripoti. Tulikuwa tunazimwaga wenyewe, halafu tunazivua. Ni za kamba ya wavu."

"Kamba ipi?"

"Yako."

Aliweka kiti chini. Aliokota mabaki ya ukindu barazani moja moja; marehemu, kwa mazoea yake, alihesabu dakika kumi na moja. Kisha akasema, "Kwa hiyo hatukuwa sisi."

"Inawezekana hamkuwa nyinyi. Sijui bado."

"Miaka minane nawaambia watu ni sisi."

Marehemu alisema kesho yake angekwenda kwa mjane wa fundi wa rangi kumpigia magoti. Mumewe alimkatalia kwa sauti ambayo majirani waliisikia. "Usiende! Uliwapelekea namba, ikawavunjia nyumba. Huwezi sasa kuwapelekea 'inawezekana'. Utakwenda siku una namba." Kwa siku tisa hawakuzungumza zaidi ya chumvi na funguo. Siku ya kumi marehemu alikuta mlangoni mwa maabara kamba mpya ya katani, isiyo na chembe ya plastiki, imesokotwa kwa mkono. Aliipima. Ilikuwa mita arobaini kamili. Aliketi sakafuni akalia, mfagiaji akamfungia mlango ili watu wasimwone.

Mkurugenzi wa kituo, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kushika hadubini, hakufurahia habari hizo. Alimwambia, "Mwalimu, wenye viwanda vya mifuko wanasubiri tuteleze tu. Ukisema kamba ilikuwa kosa, watasema ziwa zima ni kosa. Watatubeba mzobemzobe, na mifuko itarudi." Marehemu akamuuliza, "Na wale arobaini na watatu?" Akajibu kwamba hayo yamepita. "Yamepita kwako," akaambiwa. Mwishowe mkurugenzi akatoa sharti: hatatuma masahihisho yoyote bila mwaka mzima wa namba mpya, alama zote kumi na tisa, miezi yote kumi na miwili. Akatoa mashua siku mbili kwa mwezi kuanzia Januari 2022. Familia haimsemi vibaya. Yuko hapa leo, safu ya tatu, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini alijua pia kwamba mwalimu wake angefikisha umri wa kustaafu mwezi Agosti, na pengine alitumaini kalenda itamsaidia.

Kilichokuja kumbana marehemu hakikuwa kalenda. Novemba 2021 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia hata akifunga viatu. Daktari alikuta moyo umepanuka na umechoka. Akamwambia, "Mama, mashua basi. Ngazi basi. Hasira basi." Akataka alazwe hospitali kuu, apumzishwe kwa miezi. Marehemu alisema anahitaji kwanza miezi kumi na mitatu. Daktari akamjibu, "Mimi miezi siiuzi, mama." Alipewa vidonge vya aina nne. Alivimeza kwa saa, bila kukosea hata kimoja, akarudi kituoni.

Januari na Februari alipanda mashua mwenyewe. Mwezi Machi alianguka kwenye alama ya saba, nahodha akageuza chombo. Ndipo mume wake, mwenye umri wa miaka sitini na minne, asiyejua kuogelea, alipokwenda kwa nahodha kuuliza anakaaje mtu anayeshusha wavu. Hakumwambia mkewe kwamba amemsamehe. Alivaa koti la kuelea, akafunga kamba yake ya katani, akaenda kumalizia alama zilizobaki za mwezi huo. Kuanzia hapo yeye alikokota na mkewe alihesabu. Aprili, Mei, Juni. Tarehe 9 Agosti alistaafishwa kwa keki na hotuba, na asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kigoda kilekile mbele ya hadubini, bila cheo wala kitambulisho, mlinzi akijifanya hamwoni. Alikataa kujumlisha namba kabla mwaka haujaisha. Mdogo wake alipochungulia daftari alipigwa rula kidoleni.

Jumanne tarehe 13 Desemba ilikuwa siku ya mwisho. Alama kumi na nane zilikuwa zimekamilika na mashua ilikuwa kwenye ya kumi na tisa, iliyo mbali kuliko zote, wavu ukiwa majini, upepo ulipogeuka. Marehemu na mdogo wake walikuwa dirishani maabara, simu ikiwa mezani, sauti wazi. Ziwa lilikuwa limegeuka jeupe. Walimsikia nahodha akipiga kelele kwamba wavu unavuta nyuma ya mashua na maji yanaingia.

"Mzee," marehemu alisema, "kata kamba."

"Imebaki dakika sita tu."

"Kata."

"Mwaka mzima, mama watoto! Imebaki hii moja tu, nikikata ile barua yako ya masahihisho—"

"Nimesema kata! Barua nitaifanyia nini nikishakuua na wewe?"

Simu ikakatika. Kwa dakika hamsini na mbili hawakujua. Marehemu alisimama ameshika ukingo wa meza, midomo imebadilika rangi, akakataa kuketi na akakataa kidonge. Mdogo wake alimwomba Mungu kwa sauti na hakuona haya. Mashua ilipojitokeza nyuma ya gati, imelala upande, dada alishuka ngazi alizokatazwa, ngazi zote kumi na nne. Fundi alipanda gatini akichuruzika maji, chupa zimefungwa tumboni kwa shati lake. "Wavu umekwenda," akasema. "Wewe umekuja," akamjibu, na wakashikana pale mbele za watu, jambo ambalo hakuna mtu wa familia hii aliyewahi kuliona.

Zilitakiwa namba mia mbili ishirini na nane. Alikuwa na mia mbili ishirini na saba. Wapo waliomshauri aikadirie hiyo moja, kwani nani angejua? Aliwatazama mpaka wakatoka. Jumatatu tarehe 9 Januari 2023 alipeleka barua ya masahihisho, na upungufu huo ulikuwa kwenye mstari wa kwanza. Mkurugenzi alisema sharti halikutimia na barua itahitaji kupitiwa na kamati. Kamati haikuitishwa. Tarehe 24 Januari marehemu alilazwa, chumba cha vitanda vitatu, kitanda cha dirishani. Kila alipotembelewa aliuliza swali moja, "Imetoka?" Haikuwa imetoka. Wiki ya pili alimwita mdogo wake akamwambia, "Mkurugenzi anaweza kuchelewesha barua. Mazishi hawezi." Akaomba kalamu. Alifariki Jumatatu tarehe 13 Februari 2023, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mume wake alikuwa amemshika mkono.

Juzi Alhamisi mkurugenzi alikuja nyumbani. Aliomba, kwa heshima zote, aya ya marehemu isichapwe. Binti wa marehemu, ambaye ni muuguzi na alikuwa na siku nne hajalala, alimuunga mkono. "Mama mdogo, huu ni msiba. Tumzike mama, tusizike nyuzi." Mchapishaji alikuwa anasubiri kwenye simu. Wote waligeuka kumtazama fundi.

"Niliwanyamazisha watu arobaini na watatu sebuleni humu," alisema. "Wote walio hai nimewaita waje Jumamosi. Wakija watasikia nini? Kwamba alipenda maua?"

Mkurugenzi alipoinuka kuondoka aliuliza kama anaweza kukaa na familia au akae nyuma. Aliambiwa achague mwenyewe.

Aya ya marehemu ni hii, kwa maneno yake:

"Ripoti yangu ya Juni 2012 ina kosa. Nilisema nyuzi za buluu ni sitini na moja katika kila vipande mia, na kwamba zilitoka kiwanda cha kamba. Nimelipima ziwa upya mwaka 2022 kwa kamba isiyo ya plastiki, mara mia mbili ishirini na saba. Sasa ni nne katika kila mia, na hizo nne sijui zilikotoka. Nyingine zote zilipukutika kwenye kamba ya wavu wangu. Atakayesema ziwa ni safi kwa sababu nilikosea, ajue kwamba vipande vya mifuko na chupa vimeongezeka mara tatu tangu 2012, na hesabu yake ipo. Kiwanda hakikustahili kufungwa kwa ushahidi wangu. Kamba ilisokotwa vizuri. Aliyeshindwa kuikagua ni mimi. Nawaomba msamaha mafundi wote arobaini na watatu, na sitarajii kwamba wote watanipa."

Marehemu ameacha mume, mama mzazi mwenye umri wa miaka themanini na sita, binti na mwana, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike na mdogo wake wa kiume. Ameacha wanafunzi ambao idadi yao aliijua yeye. Katika wale mafundi arobaini na watatu, thelathini na sita wako hai, na ishirini na watano wameonekana leo uwanjani. Saba walitangulia bila kusikia haya.

Ameacha pia barua moja aliyoandika kwa mkono, yenye jina la mjane wa fundi wa rangi. Mjane amekuja. Ameketi peke yake, safu ya mwisho, karibu na lango. Marehemu aliagiza kwamba wasifu ukimalizika kusomwa, mume wake ampelekee barua hiyo kwa mkono wake, kabla jeneza halijashushwa, na kwamba mtu yeyote asimwombe mjane aipokee. Msomaji anaketi sasa. Mnaombwa kumpisha fundi njia.

Lililomnyima dada usingizi limesemwa. Na alale salama.